Kilichoenea Jaladani

Siku ya Jumatano, siku nne kabla ya Jumapili ya Matawi, Janeti alipanda basi la alfajiri kutoka Ulyankulu kwenda Tabora mjini, kwenye mfuko wake akiwa na jalada tupu la kitabu. Lilikuwa jalada jekundu, gumu, lenye msalaba wa rangi ya dhahabu uliofifia mpaka ukabaki alama tu. Kurasa zake alizitoa jana yake kwa kisu cha jikoni, akazifunga kwenye khanga na kuzificha chini ya gunia la mahindi. Ungemuuliza anakwenda kufanya nini mjini na jalada lisilo na kitabu, angekudanganya, na angekudanganya vizuri, maana nyumba yao ilikuwa na mwaka wa pili sasa inaishi kwa uongo mmoja.

Uongo wenyewe ni huu: baba yake, mzee Nsabimana, katekista wa kigango chao, alikuwa haoni tena kusoma.

Padri wa parokia alifika kigangoni mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua hata hiyo mara moja ilikuwa ya bahati. Jumapili nyingine zote ibada ilikuwa mikononi mwa mzee Nsabimana, ambaye watu walimwita mwalimu. Walipofika pale wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, msitu ukiwa bado msitu, walikuwa na kitabu kimoja cha masomo na kijana mmoja aliyeweza kukisoma mbele za watu bila kutetemeka. Kijana huyo ndiye yeye. Tangu hapo ikawa desturi ya kigango kwamba masomo husomwa na mwalimu mwenyewe, yote, mwanzo mpaka mwisho. Siku hizi mabenchi yamejaa vijana waliomaliza kidato cha nne, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono kukigusa kitabu kile. Ingekuwa sawa na kukalia kiti cha mkwe.

Basi kila Jumamosi mchana, mlango umefungwa, Janeti alimsomea baba yake masomo ya kesho, naye akayarudia mpaka yakamkaa kichwani. Jumapili alisimama, akafungua kitabu popote kilipofunguka, akakikazia macho yasiyoona kitu, akaanza. Alijua hata pa kugeuza ukurasa. Wageni waliopita pale walisifu: mzee huyu anasoma kwa kutulia! Janeti, aliyekuwa na miaka thelathini na minne na aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa akikaa benchi la mbele midomo ikimcheza, kama mama anayemwangalia mtoto akivuka mto.

Tatizo lilikuwa Jumapili ya Matawi. Somo la Mateso ni refu, watu wanalisikiliza wamesimama, na kichwa cha mzee wa miaka sabini na mitatu si ghala. Mwaka uliopita aliruka kipande kizima, kile cha Petro kumkana Yesu, jogoo hakuwika. Mwaka huu alisema hatarudia aibu ile. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna kifaa kinachobeba vitabu na kukuza maandishi mpaka mtu apendavyo.

"Nitafutie hicho," alimwambia binti yake. "Lakini watu wasikione."

Na hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Mzee huyu huyu ndiye aliyepiga marufuku simu kanisani, akaweka kikapu mlangoni, na kila kijana akawa anatumbukiza simu yake kabla ya kuingia. Sasa asimame yeye mbele yao na kioo kinachong'aa mkononi? Ndiyo maana kitabu kilichinjwa likabaki jalada.

"Kwa nini tusiende kwanza kwa daktari wa macho, data?" Janeti alimuuliza, akitumia neno la nyumbani, la Kirundi, ambalo maana yake ni baba.

"Pale kwenye mabenchi ya macho wamejaa watu wa huku kwetu. Nikionekana Jumatatu, Jumapili hakuna atakayesadiki kwamba ninasoma. Mimi si mgonjwa. Maandishi ndiyo madogo."

Janeti alimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi. Tusimlaumu sana; wangapi kati yetu tumewaambia wazazi wetu kwamba uzee ndio unaowauma?

Duka la Mfaume lilikuwa jirani na stendi, chumba kimoja kilichojaa simu za mitumba, chaja, na redio zisizo na wenyewe. Mfaume alikuwa mtu wa mjini, mpole, mwenye kitambaa begani cha kufutia vioo. Janeti alimsalimu, akamweleza shida, kisha akatoa jalada jekundu na kuliweka juu ya meza.

"Kinachotakiwa kiingie humu," alisema. "Kifungike kabisa."

Mfaume alilitazama jalada, akamtazama na mwenye jalada. "Sawa, dada. Tuone."

Akaleta kwanza kishikwambi kikubwa, cheusi, kioo chake kinang'aa kama maji. Alikiwasha, akafungua maandishi, akayakuza mpaka neno moja likawa refu kuliko kidole. Mwanga wake ulimulika hata dari. "Hiki ndicho cha mzee," alisema. "Hata asubuhi ya mawingu, hata chumbani, atasoma." Janeti alikipachika jaladani. Kilitokeza nje upana wa kidole. Alikisukuma huku, akakisukuma kule, jalada likakataa kufunga.

"Hakifai," alisema.

"Kinafaa, dada. Jalada ndilo halifai. Samahani nikuulize, unanunua jalada au unanunua macho?"

Janeti alikirudisha mezani. Mfaume akaleta kingine, kidogo, nacho kikawa kinacheza ndani ya jalada kama punje moja kwenye debe. Mwishowe akatoa kabatini kitu cha kijivu, chembamba, kilichoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Kilikuwa cha kusomea vitabu tu. Hakipigi simu, hakina rangi, maandishi yake meusi yametulia kama ya karatasi, na chaji yake inakaa wiki tatu. Janeti alikiweka jaladani. Kilizama chote, pembe zikakutana na pembe, na jalada likafunga kimya. Kilienea kama kilichokatiwa humo.

"Hiki," alisema, na pumzi ikamtoka.

"Hiki hakina taa ndani. Kwenye giza ni kama kitabu cha kawaida. Kanisa lenu lina mwanga?"

"Lina madirisha."

Mfaume alikichukua, akaanza kuhamishia humo masomo ambayo Janeti alitumiwa kwenye simu na katibu wa parokia. Akiwa anasubiri faili liingie, akifuta kioo kwa kitambaa chake, aliuliza kama mtu anayepiga soga tu: "Mzee anaonaje, kwani? Ukungu, au vipi?"

"Anasema kama anachungulia kwenye bomba. Jicho la kulia ndilo baya zaidi. Na hizi siku mbili tatu, jioni, taa anaiona imezungukwa na duara za rangi. Kichwa kinamuuma upande mmoja. Uzee."

Kitambaa kilisimama mkononi mwa Mfaume.

"Dada," alisema taratibu, "mama yangu alianza hivyo hivyo. Mimi na kazi yangu hii, nikajifanya fundi wa macho. Kila mwezi nikamkuzia maandishi ya simu yake. Yakawa maneno kumi kwenye kioo, yakawa matano, likawa moja, mwisho ikawa herufi moja imejaa kioo kizima, na haioni. Kumbe maandishi hayakuwa na kosa lolote. Ile ni presha ya macho, na haingoji mtu. Viache hivi vitu hapa, nitakutunzia bure. Kesho njoo na mzee, kliniki ya macho haiko mbali, nitakupeleka mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Maneno yalimwingia Janeti, tusiseme hayakumwingia. Aliyaona kuwa ya kweli, akaogopa. Halafu akaliona kanisa limejaa watu, matawi mikononi, na baba yake kimya mbele yao. Aliona vichwa vikigeukiana. Hicho alikiogopa zaidi.

"Baada ya Pasaka," alisema. "Nitamleta."

Alichagua kwa macho ya watu, hakuchagua kwa macho ya baba yake. Alirudi na basi la mchana, barabara ile ya magharibi ambayo wapagazi wa zamani waliipita na mizigo kichwani, naye wake ameupakata mapajani na roho imemtulia, maana alikuwa amekwenda kutafuta kitu na amekipata.

Alhamisi ilikuwa siku ya furaha, na inauma kuisimulia. Mzee Nsabimana aliketi nyuma ya nyumba, karibu na bani la kukaushia tumbaku, jua likiwa kali baada ya mvua. Janeti alimfungulia jalada, akakuza maandishi mpaka kioo kikawa na maneno manne tu. Mzee alisogeza uso, akauelekeza kwa jicho la kushoto. Akasoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Akasoma mstari, akafika chini, akaonyeshwa pa kugusa ili ukurasa ugeuke, akaugeuza mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikuwa anasoma jambo asilolijua linaishia wapi. Machozi yalimtoka akacheka.

Alifunga jalada, akalipapasa. "Ni lile lile," alisema. "Nani atajua?"

"Hakuna, data."

Ijumaa saa nne asubuhi kichwa kilimpiga. Hayakuwa yale maumivu ya kuzoea. Alijikunyata kitandani, akatapika mpaka ikawa maji matupu, na jicho la kushoto likawa jekundu kama pilipili iliyoiva. Janeti alimpa dawa za maumivu, akamwekea kitambaa cha maji baridi. Alisema tutafute pikipiki twende mjini. Mzee alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

"Jumapili ikipita."

"Data, jicho limebadilika."

"Limechoka kwa kusoma jana. Nitalipumzisha."

Jumamosi nzima alilala kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa kwa blanketi, kitambaa usoni, akisema anatunza macho kwa ajili ya kesho. Hakutaka hata kusomewa. "Nitasoma mwenyewe," alisema. Janeti alikaa mlangoni akichambua maharage, na mara mbili alisimama kwenda kumwita mwenyekiti wa kigango, mzee Octavian, na mara mbili akaketi. Angemwambia nini? Kuanzia wapi?

Asubuhi ya Matawi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miti. Watu waliandamana kutoka barabarani wakiimba, makuti mikononi, na Janeti alitembea amemshika baba yake kiwiko, mzee akiwa ameinama na kufumba macho, bado anayatunza. Hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu goti la mzee lilikuwa bovu tangu zamani. Kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma, lenye madirisha madogo, na siku ile mwanga ulioingia ulikuwa kidogo, wa kijivu. Janeti aliukumbuka mwanga wa kile kishikwambi kikubwa ulivyomulika dari ya duka. 

Wakati wa Mateso ulipofika wote walisimama. Mzee Nsabimana alishika jalada jekundu, akalibusu, akalifungua. Janeti alikuwa amesimama kando yake, karibu kabisa. Watu walingoja. Mtoto alikohoa. Makuti yalikwaruzana.

"Janeti," mzee alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Kiwashe."

Janeti alitazama. Maandishi yalikuwepo, meusi, makubwa, maneno manne. Akafikiri ni giza la kanisa, ni kosa lake, ni ile taa isiyokuwemo. Alimgeuza kidogo baba yake kwa bega ili jalada lielekee dirishani.

"Kiwashe, mwanangu. Hukukiwasha."

Aligusa, akakuza. Neno moja likajaa kioo, nene, mtu wa benchi la nne angeweza kulisoma. Mzee aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Ndipo Janeti alipoliona jicho lile kwa karibu. Mboni ilikuwa imetanuka, ina ukungu wa kijivu, na ilikuwa imetulia tu, haitafuti kitu.

"Data," alinong'ona, "kimewaka."

 Kidole gumba cha mzee kilipita juu ya kioo, polepole, kikirudi na kwenda. Kisha akampa jalada.

"Basi soma wewe. Waambie ninaumwa koo."

Janeti aliwageukia watu. "Mwalimu amekaukiwa sauti," alisema. "Ameniomba nimsaidie." Alingoja mnong'ono. Haukuja. Watu walimtazama kwa upole, na mzee Octavian, benchi la mbele, aliinamisha kichwa. Janeti aliliona hilo na hakulielewa. Alisoma Mateso yote, na jogoo mwaka huu akawika mahali pake, na muda wote ule baba yake alisimama ameshika pindo la kitenge cha binti yake, midomo ikimfuata.

Alitaka waondoke saa ile ile. Mzee akataka kumaliza ibada, akataka kusimama mlangoni na kushikana mikono na watu wote kama kila Jumapili, akiwatambua kwa sauti na kuwauliza habari za mashamba. Halafu mvua ikamwagika, na hakuna pikipiki iliyokubali kubeba mgonjwa kwenye tope lile. Walipata basi la Jumatatu. Mzee Octavian aliwakuta kituoni, ana mwavuli na chupa ya chai, akapanda nao bila kuulizwa wala kueleza.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko Janeti. Alipima, akamulika, akatia dawa za matone, akauliza maumivu yalianza lini.

"Ijumaa," Janeti alisema. "Lakini zile duara za rangi zilianza kabla."

Daktari alizima tochi. Alisema jicho la kulia lilikufa zamani, pengine mwaka mmoja au zaidi. La kushoto ndilo lililokuwa limebaki, na presha yake ilipanda ghafla, na ikishapanda namna ile mshipa wa kuonea huhesabu saa. Angeletwa wiki iliyopita, alisema, wakati wa zile duara, wangeweza kulinda alichokuwa nacho. Hata Ijumaa wangejaribu. Sasa kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Hakumgombeza Janeti. Janeti alitamani angemgombeza.

Walimwacha mzee ndani anafungwa jicho, wakakaa nje kwenye benchi, yeye na Octavian. Palikuwa na watu wawili wa Ulyankulu pale, wakawasalimia kwa heshima na kusogea wawapishe. Janeti alianza kueleza, kwa haraka, bila mpangilio: jalada, duka, Jumamosi za miaka miwili. Alikuwa kama mtu anayetapika. Octavian alimwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Mimi ndiye ninayefunga kitabu baada ya ibada. Krismasi ya mwaka juzi alitusomea Krismasi vizuri kabisa, na nilipokwenda kufunga, kitabu kilikuwa wazi kwenye masomo ya Pasaka. Jumapili iliyofuata nikatazama tena. Nikawaambia wazee wa kamati. Tukasema, huyu ametuzikia wazazi, amewafundisha watoto wetu sala. Aendelee mpaka atakapochoka mwenyewe. Tukawakanya na vijana. Tukakubaliana mtu asimwambie, asije akaona aibu."

"Muda wote huo," Janeti alisema.

"Tulimheshimu."

Janeti alimwangalia mzee huyu mwema, mwenye mwavuli magotini, akamchukia. Mtu mmoja tu angesema kwa sauti, mmoja tu kanisa zima, mwalimu huoni, twende hospitali, basi. Wasingekuwa na la kuficha. Kisha chuki ikamgeukia yeye mwenyewe, ikakaa, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya kile kioo chenye taa akasema hakifai.

Mlango ulifunguka. Nesi alimtoa mzee Nsabimana amemshika mkono, bandeji nyeupe imefunika upande wa kushoto wa uso. Janeti aliinuka akampokea. Mkono wa mzee ulipapasa hewani mpaka ukapata bega lake.

"Nimeambiwa," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa shwari. "Daktari amenieleza yote. Usilie."

"Nisamehe, data."

"Nani yuko hapa?"

"Mimi, mwalimu," Octavian alisema. "Octavian."

Mzee akawa kama anapima aulize au asiulize. Kisha akauliza, uso ameuelekeza katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Jana. Watu walijua?"

Janeti alifungua kinywa. Octavian alimtazama, macho yamemjaa maji, akatikisa kichwa kidogo.

"Hapana, data," Janeti alisema.

"Hakuna aliyejua, mwalimu," alisema Octavian.

Mzee Nsabimana alishusha pumzi ndefu. Mabega yalimlegea, na tangu Ijumaa ile hiyo ilikuwa mara ya kwanza uso wake kukunjuka. Alitafuta kichwa cha binti yake, akakipata, akakipigapiga taratibu kama alivyokuwa akifanya alipomletea matokeo mazuri ya shule.

"Basi ulichagua vizuri," alisema.